Kichwa Kinachoamka Kabla Yangu

Mara ya kwanza nilidhani nimepigwa. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka ndani ya chumba cha jenereta huko Balambala, tulikokwenda kufufua pampu ya kisima, nikaamka nimeketi wima, mikono yote miwili kichwani, nikitafuta damu. Hapakuwa na damu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, kwa spana niliyoichomeka mwenyewe. Maumivu yalikuwa pande zote mbili za kichwa, mazito, yakisukuma kutoka ndani kama mtu anayejaribu kufungua mlango kwa bega. Nilikaa hivyo kwa muda wa saa moja hivi. Kisha yakashuka polepole, kama maji yanavyoshuka kwenye tangi, nikabaki na ulimi mkavu na moyo unaokwenda mbio.

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Kabla ya usiku ule sikuwahi kuugua kitu cha kunilaza zaidi ya siku tatu. Nimepakia mbuzi kwenye malori Garissa, nimechaji simu za watu sokoni kwa paneli ya jua, nimeuza maji kwa mkokoteni wa punda, nimekaa miezi karibu na kambi za Dadaab nikitengeneza redio. Nikishaelewa jinsi kitu kinavyofanya kazi, miguu huanza kuniwasha na naondoka. Jenereta zimenishika kuliko kazi zote kwa sababu kila moja huharibika kwa namna yake.

Lakini usiku ule, nikiwa nimeketi kwenye mkeka, sikuwaza jenereta. Nilimwaza mama.

Nilikuwa darasa la sita, nyumbani kwetu upande wa Mwingi. Tulilala chumba kimoja, yeye kitandani, mimi na mdogo wangu sakafuni. Nilimsikia akiamka gizani. Alisema neno moja, "kichwa", si kwa sauti kubwa, kama mtu anayejibu swali. Kisha nikamsikia akilala tena. Nilidhani amepata nafuu, nikageukia ukuta. Asubuhi hakuamka. Hakuna aliyetueleza kilichomuua. Muhula uliofuata sikurudi shuleni, na mwaka haukuisha kabla sijapanda lori la kwanza kwenda Garissa. Tangu hapo nimeishi nikijua kwamba kwetu kuna kitu kinachomjia mtu akiwa usingizini. Sikumwambia yeyote. Nilikisubiri kwa miaka arobaini, na huko Balambala niliona kimefika.

Kilirudi usiku wa pili. Usiku wa tatu kikapita. Wa nne kikaja tena. Nilianza kuandika nyuma ya daftari la dizeli, kwa sababu sijui kuogopa kitu bila kukipima. Saa nane kasoro robo. Saa nane kasoro dakika kumi. Saa saba na dakika arobaini. Kwa wiki mbili hakikuchelewa wala kuwahi zaidi ya robo saa. Hapo ndipo woga ulipobadilika. Ugonjwa unaokuja ovyo unaweza kuuita ugonjwa. Kinachokuja kwa saa yake ni kama kimetumwa.

Dereva wetu, kijana wa Garissa aliyehamia chumba changu tangu usiku wa pili, alivumilia kwa siku kumi.

"Mzee, kichwa yako inabiga kama saa ya kuamsha watu wa daku," aliniambia asubuhi moja, huku akifunga magurudumu ya akiba juu ya gari kwa kamba. "Ramadhani bado miezi minne. Mwambie ingoje."

"Nimekuamsha tena?"

"Umeniamsha? Umesimama katikati ya chumba, umeshika kichwa, hata huongei. Mimi nimesoma kila dua naijua. Nimefika mwisho, nimeanza tena." Akacheka, lakini usiku ule alihamishia mkeka wake ndani ya gari. Sikumlaumu. Nami ningehama kama ningeweza kukiacha kichwa nyuma.

Nilijaribu kukidanganya. Nililala nimeegemea gunia la saruji. Nilibadilisha upande wa kuelekeza miguu. Mwisho nikapata wazo nililoliona la werevu: kama kinakuja saa nane usiku, nisilale usiku. Nilikesha nikisafisha vichungi vya mafuta hadi saa nane ikapita, saa tisa ikapita, na kichwa kikawa kitulivu kabisa. Nikafurahi kama mtoto. Asubuhi nilijilaza kivulini, chini ya tangi, nikasinzia kwa muda wa kama saa tatu hivi. Niliamshwa na maumivu yale yale, jua likiwa juu, mbuzi wakinywa maji hatua chache kutoka nilipo.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mchana ule. Nilikuwa nimekosea tangu mwanzo. Haikuwa saa iliyokuwa ikinifuata. Ulikuwa usingizi wenyewe, na usingizi hakuna mtu anayeweza kuuhama.

Kuanzia siku ile jua likianza kuinama, nilikunja mkeka wangu nisiuone. Watu wakikunja bidhaa zao sokoni, wakinawa kwa ajili ya sala ya magharibi, mimi nilianza kuhesabu saa zilizobaki. Duka la dawa pale Garissa walinipa vidonge vya maumivu, nikawa nameza viwili kila ninapolala, kisha vitatu, mpaka tumbo likaanza kuungua na muuzaji akakataa kuniuzia tena bila karatasi ya daktari. Nilikonda. Nilijifunza kusinzia kwa vipande vya dakika ishirini, kama mlinzi anayeiba usingizi kazini.

Ndipo nikapelekwa Tarbaj, kwenye kisima ambacho pampu yake ilikuwa imekufa na ngamia wanatembezwa mbali kutafuta maji. Kazi ingechukua miezi miwili. Nilipewa chumba cha bati katika boma la mama mmoja mjane, mwanamke wa miaka sabini hivi, mrefu, mwenye sauti ya kuita ngamia. Nilimwita edo, shangazi, kama walivyomwita wote pale. Yeye aliniita Fundi. Usiku wa kwanza, nikiwa nimefika watu wamekwisha kula, alinisikia nikitembea uani. Asubuhi aliniuliza bila kuzunguka.

"Fundi, wewe ni mwizi au ni mgonjwa?"

Nikamweleza. Ni mtu wa kwanza niliyemweleza yote, isipokuwa habari ya mama.

"Hiyo ni kazi ya ndugu yangu," alisema. "Anachoma. Ngamia anachoma, watu anachoma. Mkono yake haitetemeki."

Ndugu yake, ambaye wote walimwita adeer, yaani ami, alikuwa mzee mkavu mwenye ndevu za hina. Kuchoma kwa moto ni dawa inayoheshimika kule. Ukikaa kituo chochote cha maji utaona alama kwenye matumbo, kwenye viganja, kwenye utosi wa wazee. Alinipapasa kichwa kwa vidole kama anayechagua tikiti, akapasha chuma chembamba ndani ya makaa ya mgunga, akanichoma mara mbili juu ya kila sikio. Nilisikia harufu ya nywele zangu kabla sijasikia uchungu. Sikupiga kelele, na hilo lilimpendeza.

Usiku ule nililala mpaka alfajiri. Usiku uliofuata pia. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Nilinenepa. Nililala mchana wa Ijumaa kwa kujionyesha tu kwamba naweza. Kila aliyeniuliza nilimwonyesha makovu yangu juu ya masikio, na nilimsifu mzee yule mpaka dereva wangu akasema nitafute ngamia nimpe. Niliamini kwamba kile kilichomchukua mama kimechomwa kikafa.

Pampu ikapona, nikarudi Garissa. Usiku wa tatu, saa nane kasoro robo, nikaamka nimeketi wima.

Sitaeleza wiki zile. Nitasema tu kwamba tumaini lililovunjika linaogopesha kuliko kutokuwa nalo. Nilimpigia edo simu, naye akampa ndugu yake. Mzee alisema moto wa kwanza ulikuwa wa mlangoni tu. Sasa lazima achome mahali penyewe, utosini, kisha pembeni mwa jicho, na achome kwa kina. "Jicho inaweza kulia kidogo," alisema, "lakini itazoea." Nikakubali. Lakini gari la kwenda Wajir, njia ya Tarbaj, lilikuwa na siku tano kabla ya kuondoka, na katika siku hizo mke wa mwajiri wangu, aliyechoka kuniona nikipepesuka, alinipeleka hospitali kwa nguvu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana kutoka bara, mwenye haraka lakini mwenye masikio. Alipima shinikizo la damu, akamulika macho yangu, akanigonga magoti. Alipoona daftari langu la saa alilisoma ukurasa kwa ukurasa.

"Mzee, umesoma wapi wewe?"

"Darasa la sita."

"Ningekuwa na wagonjwa kumi wa darasa la sita kama wewe." Akaniuliza kama nakoroma, kama jicho hulia maumivu yakija, kama mkono hufa ganzi. Kisha: "Kule Tarbaj ulipopata nafuu, nini kilibadilika?"

"Nilichomwa."

"Na zaidi ya hapo? Chakula? Unatafuna miraa?"

"Sitafuni."

"Kahawa unakunywa?"

"Sijawahi kuipenda. Chai tu, ya asubuhi."

Akaandika. Alinituma kupigwa picha ya kichwa. Nililala kwenye kile kitanda chembamba, nikaingizwa ndani ya duara la mashine, na mimi ninayependa kuuliza kila mashine inafanyaje kazi sikuuliza lolote. Nilifumba macho nikasema moyoni, sasa watakiona. Watatoka na karatasi wanionyeshe kilipokaa. Majibu yalikuwa baada ya siku nne. Sikuyangoja. Siku ya tatu gari liliondoka, nami nikapanda nikiwa nimekwisha kujizoeza kuishi na jicho moja.

Tarbaj niliambiwa mzee amekwenda kambi ya ngamia, atarudi baada ya siku nne au tano. Edo alinifungulia chumba kile kile cha bati. Usiku wa kwanza nilijilaza nikijua kinachokuja. Nikaamshwa na adhana ya alfajiri.

Nilibaki nimelala, nikitazama bati, nikiogopa kujitikisa. Hakuna aliyenichoma. Chuma kilikuwa kambini na mwenyewe. Usiku wa pili, vilevile. Nilianza kuzunguka boma lile kama ninavyoizunguka jenereta iliyojiwasha yenyewe. Kitanda ni kile kile cha kamba. Maji ni ya kisima nilichokitengeneza mwenyewe. Upepo, maziwa, mto wa kulalia, vyote nilivikagua.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, nilimkuta edo ameketi kwenye ngozi, ungo mapajani, akichagua bun. Ni buni za kahawa, nzima pamoja na maganda yake. Kila jioni, nyumbani kwake, baada ya sala ya magharibi, huzikaanga kwa samli mpaka zinavimba na kupasuka, kisha bakuli la mbao linapitishwa. Unachota kwa kijiko, unatafuna, na samli inayobaki viganjani unajipaka usoni na kichwani huku edo akiomba dua kwa ajili ya waliosafiri. Nilikula kila jioni kwa miezi ile miwili, na jioni hizi mbili tangu nirudi. Mgeni hakatai bun. Nami nilikuwa nikitafuna nyingi, kwa sababu nilipenda zinavyolia kwenye meno.

Nikasimama mbele ya ungo wake.

"Edo, hii ni kahawa?"

"Ni bun."

"Najua ni bun. Lakini ni kahawa?"

Alinitazama kama aliyeulizwa kama ngamia ni mnyama. "Kahawa ni maji ya watu wa mjini. Hii ni chakula. Hata harusi haifungwi bila hii. Toa kivuli yako, sioni mawe."

Nilikumbuka kalamu ya daktari ikiandika kwamba sinywi kahawa. Sikumdanganya. Ningeulizwa mara mia ningejibu vile vile, na nadhani kila mtu pale Tarbaj angejibu hivyo.

Kulikuwa na njia moja tu ya kujua, nami niliijua kama ninavyojua kwamba ukitaka kujua ni waya gani unapitisha umeme, lazima uukate. Jioni ile bakuli lilipofika kwangu, nililipitisha.

Edo aliacha dua katikati. "Kuna nini?"

"Leo sitakula, edo. Samahani."

"Nimetia sumu?"

"Hapana."

"Basi nimekukosea? Mtu anakataa baraka kwa nyumba yangu, mbele ya wajukuu yangu?" Akawageukia wengine akasema kitu kwa Kisomali na wote wakacheka, isipokuwa yeye. "Sawa. Lala na njaa yako, Fundi."

Nilifunga mlango, nikajilaza. Hofu niliyokuwa nayo usiku ule sijui niieleze vipi. Usiku mwingine wote kilikuja bila kualikwa. Huu nilikuwa nimekialika mwenyewe, kwa sababu ya udadisi, na kama ndicho kile kilichomchukua mama, basi nitakuwa nimejiua ili kujua kitu. Nilifikiria kuamka, kwenda jikoni, kutafuta mabaki ya bakuli. Nilifikiria kumwambia edo asikilize, na kama nikisema neno "kichwa" asigeukie ukuta. Sikumwambia. Nililala kwa sababu mwili ulichoka kabla yangu.

Saa nane kasoro dakika kumi. Nilikaa wima gizani, nimeshika kichwa kwa mikono yote miwili, maumivu yakisukuma kwa bega lao lile lile, na machozi yalikuwa yakinitoka, na kati ya machozi hayo nilijisikia nikicheka. Edo aligonga bati kutoka upande wa pili.

"Fundi! Umekufa?"

"Bado, edo!"

"Basi nyamaza, watu wanalala!"

Asubuhi mzee alirudi kutoka kambini. Aliweka chuma chake kwenye makaa kabla hata hajanywa chai, kwa kuwa aliambiwa namsubiri. Nilimwomba aningoje usiku mmoja zaidi.

"Unaogoba?" aliniuliza.

"Naogopa sana, adeer. Lakini si moto."

Jioni ile nilikula vijiko vitatu. Edo alinitazama nikitafuna mpaka nikamaliza, kama anayemsimamia mtoto na dawa. Nililala mpaka kulipokucha. Nilipomweleza mzee, alichomoa chuma kwenye makaa, akakipuliza kikapoa, akakifunga kwenye kitambaa.

"Kwa hivyo mimi nimekuchoma bure," alisema.

"Sijui, adeer. Labda kilisaidia kidogo."

"Usinibe huruma. Umebata daktari wa jikoni." Lakini aliondoka amenuna, na mpaka leo nikifika Tarbaj hunisalimu kwa mkono wa haraka.

Daktari wa Garissa aliponiona alikuwa na karatasi yangu mezani kwa wiki mbili. Picha ilikuwa safi. Nilipomweleza habari ya bakuli alipiga meza.

"Nilikuuliza kahawa!"

"Uliniuliza kama nakunywa."

Alicheka, kisha akanieleza kwamba kuna watu, wengi wao waliopita umri wa miaka hamsini, ambao kichwa huwauma wakiwa usingizini tu, na baadhi yao kahawa wakati wa kulala huwatuliza. Kwa nini, alisema, hakuna anayejua vizuri. Akanionya nisiache kupima shinikizo la damu, na kwamba siku ikigoma kahawa kuna vidonge vya kujaribu, na kwamba nikisikia maumivu ya ghafla ambayo hayafanani na haya, nisikimbilie bakuli wala moto, nije.

Hapo nikamuuliza nililobeba miaka arobaini. Nilimweleza mama, kitanda, neno moja, ukuta.

Aliweka kalamu chini. Alisema hadhani kilikuwa kitu kimoja. Hiki changu hakiui mtu. Cha mama pengine kilikuwa damu iliyovuja kichwani. Lakini kutoka mbali hivi, alisema, hawezi kuapa.

Nilirudi chumbani kwangu nikampigia simu mdogo wangu, aliyebaki Mwingi na sasa anakaribia hamsini. Hatukuwahi kuzungumza juu ya usiku ule. Nilimuuliza kama kichwa humuuma usiku.

Nilimsikia akifunga mlango kwanza.

"Bado," alisema. "Kwa nini unauliza?"

"Mama."

"Kwani nawe ulisikia?" aliuliza. "Nilidhani wewe umelala. Mimi nilisikia, nikajifunika shuka."

Kwa hiyo tulikuwa wawili sakafuni, macho wazi, kila mmoja akimwachia mwenzake. Nilimwambia maneno ya daktari, yote, pamoja na lile la kutoweza kuapa. Nilimwambia aende akapimwe shinikizo la damu kesho yake, asingoje. Aliniuliza hiyo bun ni nini, na kama itamfaa. Nikamwambia sijui. Hata hivyo nilimtumia kopo moja kwa basi la asubuhi, limefungwa kwa plastiki samli isivuje.

Mimi nimebaki na la kwangu, liko kando ya mto. Kila nikitaka kulala natafuna vijiko vitatu, najipaka samli kichwani ingawa daktari alisema hiyo haina kazi, na najilaza. Mara nyingi bado naamka saa nane kasoro robo, bila maumivu, kwa mazoea tu. Nakaa wima, nakishika kichwa, nakisikiliza. Kisha natazama simu kama mdogo wangu amepiga. Kabla ya kulala tena hugeuka, uso wangu uelekee chumbani, usielekee ukuta.